Breki zikichemka traki: jua kwanza ni kipi kilichochemka

Watu wa huku Malindi wanaopeleka magari traki, yaani uwanja wa mbio za magari, huko bara wakirudi nasikia kauli moja tu, "breki zilifeli bwana", ukiuliza zilifeli vipi huna jibu utakalopata, ilimradi zilifeli, na kesho yake mtu ashaanza kuulizia bei ya kalipa za pistoni sita, zile bano kubwa zinazobana pedi kwenye diski. Ngojeni kwanza jamani. Breki hazifeli kwa njia moja. Huenda mafuta ya breki yamechemka, huenda pedi (kile kipande kinachosugua) imeungua, huenda ni diski (chuma cha duara kinachozunguka na tairi), au kuna chuma kimeshika kutu kinaburuza tangu unatoka nyumbani na wewe huna habari. Hizo ni shida nne tofauti na kila moja ina dawa yake, na nyingi kati ya hizo dawa ni rahisi kuliko rimu moja. Cha kukumbuka ni kuwa mguu wako, mikono yako kwenye usukani na pua yako ndivyo vinakwambia ni ipi, lakini lazima uwe umesikiliza wakati ule ule, si ukishafika nyumbani ndo unaanza kukumbuka.

Na sisi watu wa pwani tuna shida mbili ambazo mtu wa Nairobi hazimsumbui sana: unyevu wa hewa na chumvi ya bahari. Nitazirudia mpaka mchoke.

Joto lenyewe latoka wapi

Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto, basi. Gari ya kilo 1500 ikitoka 160 kwa saa ikashuka hadi 80, lile joto linalotoka hapo latosha kuchemsha zaidi ya lita tatu za maji ya chai, kwa mkanyago mmoja wa sekunde tatu hivi, na sehemu kubwa inabebwa na breki za mbele. Halafu inakuja kona nyingine, tena, halafu nyingine. Ukiwa unaenda zako Mombasa unakanyaga kidogo Gede, kidogo kwenye matuta, kisha breki zinapigwa na upepo hadi Kilifi, traki hiyo nafasi haipo. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili joto linaongezeka mara nne, ndo mana mtu anakwambia breki zangu ni nzima kabisa barabarani na anasema kweli, ni nzima, za barabarani.

Pedali inazama, laini, inaenda karibu na sakafu

Hii ndo inayotisha watu zaidi na ndo inayotukuta sana sisi. Unakanyaga, pedali inashuka chini kama hakuna kitu, unapampu mara mbili tatu inarudi kidogo, ukiiacha ipoe inakaa sawa, unarudi ndani raundi mbili inazama tena. Hapo mafuta ya breki yamechemka ndani ya kalipa. Mafuta hayabanwi lakini mvuke unabanwa, kwa hiyo nguvu ya mguu wako yote inaishia kubana mvuke badala ya kusukuma pistoni.

Sasa kwa nini yachemke? Mafuta ya breki ya kawaida, yenye madaraja ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, yanavuta maji kutoka hewani, ni tabia yake. DOT 4 ikiwa mpya kabisa kiwango chake cha chini kabisa cha kuchemka ni nyuzi 230, ikishavuta maji ya asilimia 3.7 kiwango kinakuwa 155. DOT 3 ni mbaya zaidi, 205 ikiwa kavu na 140 ikiwa na maji. Nyuzi 140 ndani ya kalipa ya gari inayopigwa traki ni kitu cha raundi chache tu. Na maji yanapita hata kwenye mipira ya breki, yale mabomba laini, kidogo kidogo, si lazima mtu awe ameacha kifuniko wazi. Hapa kwetu hewa ina unyevu mwaka mzima, gari ikikaa miaka mitatu bila kubadilishwa mafuta hayo mafuta si ya kwenda nayo popote penye mbio, hata kama rangi yake bado ni safi, rangi haikwambii kitu, yapo mafuta safi ya kupendeza yamejaa maji na yapo yaliyochafuka na bado yana nguvu.

Dawa: toa yote, weka mapya, usiongezee juu ya ya zamani. Kwa mtu anayeenda traki mara moja moja DOT 5.1 ya kawaida ni hatua nzuri, kavu ni 260. Ukiwa mtu wa kukanyaga kweli kweli tafuta ya mbio, kwa mfano Motul RBF 600 inachemka nyuzi 312 ikiwa kavu, ila hizi za mbio unabadilisha mara kwa mara zaidi, usiweke ukasahau miaka miwili. DOT 5, ile isiyo na pointi moja, ni silikoni, ni kitu kingine kabisa, haichanganywi na hizi na haifai gari ya ABS (mfumo unaozuia tairi kufunga ukikanyaga), muuzaji wa spea akikwambia "ni ile ile boss" mwambie asante na uondoke. Na nunua chupa ndogo zilizofungwa, ile nusu chupa iliyokaa rafu ya gereji tangu Ramadhani iliyopita ikiwa imefunguliwa waachie wenyewe.

Kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki kila mtu anajua, au anadhani anajua. Mmoja anakaa ndani anakanyaga polepole na kushikilia, mwingine anafungua nipo (kile kiskrubu cha kutolea mafuta kwenye kalipa) iliyo na mpira wa kupitisha unaoonekana ndani, mwisho wake umezama kwenye chupa yenye mafuta kidogo, anaifunga KABLA mguu haujaachiliwa. Hapo kwenye kabla ndo ugomvi wote. Mpangilio wa magurudumu fuata kitabu cha gari yako, wengine wanaanza nyuma mbali, Subaru nyingi zinaenda kimsalaba, usibishane. Usiache chombo cha juu cha mafuta kikauke kati kati ya kazi, upepo ukiingia kwenye ABS kuna magari yanataka mashine ya kompyuta kuutoa. Na mafuta haya yanakula rangi ya gari, yakimwagika osha kwa maji hapo hapo.

Kabla sijaendelea, kuna mdanganyifu mmoja. Pedali inaweza kuwa ndefu mkanyago wa kwanza tu, hasa baada ya kupita juu ya kingo za traki au kona ndefu, ukiigusa mara ya pili inakuwa sawa na ngumu. Hayo si mafuta. Hiyo ni beringi ya gurudumu imelegea, diski inacheza inasukuma pedi nyuma, na pistoni lazima isafiri mbali kuifikia. Inua gari, shika tairi juu na chini, litikise. Watu wamebadilisha mafuta mara nne kwa ajili ya beringi.

Pedali ngumu, inakaa juu, lakini gari haisimami

Hapa mafuta hayana hatia. Unakanyaga mpaka goti linauma, pedali ni jiwe, gari inateleza tu mbele na harufu kali inaingia ndani. Pedi imepita joto lake. Pedi za barabarani nyingi huanza kupoteza mshiko mahali fulani kati ya nyuzi 300 na 450 kutegemea na aina, na traki diski inaweza kupita hapo bila shida. Zile gundi zilizoshikilia pedi zinaanza kutoa gesi, gesi inakaa kati ya pedi na diski, unabaki unabonyeza hewa.

Kama pedi ni mpya na zimefanya hivi siku ya kwanza halafu baadaye zikawa nzuri, basi hazikuzoeshwa. Kuzoesha ni hivi, tafuta kipande cha barabara kilichonyooka kisicho na watu wala mbuzi, barabara ya Sala Gate asubuhi mapema inafaa, toka 80 shuka hadi 20 kwa mkanyago wa nguvu ya kati, usisimame kabisa, ongeza mwendo tena, rudia mara nane hadi kumi, kisha endesha polepole dakika kumi bila kugusa breki mpaka zipoe. Usisimame na mguu juu ya pedali zikiwa moto, nitakwambia kwa nini chini.

Kama ni za zamani na uso wake unang'aa kama kioo, zimeungua. Kuna wanaozisugua na msasa na zinarudi kidogo, kwa kwenda sokoni sawa, mimi traki siziamini. Na angalia unene, pedi nyembamba inapitisha joto haraka mpaka kwenye pistoni na mafuta, kwa hiyo shida hii inazaa ile ya juu. Pedi iliyofika nusu barabarani bado ina maisha, traki hiyo nusu ndo mwisho wake.

Pedi za traki zipo, zinavumilia joto kubwa, ila zina gharama yake: zinapiga kelele, zinamwaga vumbi jeusi, zinakula diski, na zile kali kabisa zikiwa baridi hazishiki vizuri. Kutoka Malindi mpaka Nairobi ni kama kilomita 600 na unaziendesha na watoto ndani. Shauri langu ni pedi ya katikati, ile inayoitwa ya barabara na traki, au beba za traki kwenye buti ubadilishe ukifika, kazi ya saa moja kwa mtu mwenye jeki na akili timamu.

Usukani unatetemeka ukikanyaga

Kila mtu atakwambia diski imepinda. Mara chache sana diski inapinda. Mara nyingi ni pedi imeacha tabaka la vitu vyake juu ya diski bila usawa, pengine nene pengine nyembamba, na pedali na usukani vinasikia ile tofauti. Na hii inatokana sana na ile tabia ya kuingia pit, pale pembeni pa kusimamia, breki zikiwa nyekundu kwa moto halafu unasimama umekanyaga, au unavuta handbreki. Pedi inaganda pale pale inaacha muhuri wake. Ukiingia pit weka gia au weka jiwe nyuma ya tairi, handbreki iache.

Ukiwahi mapema, kuzoesha upya kwa pedi kali kidogo kunaweza kufuta lile tabaka. Ukichelewa ukaendelea kuchoma, chuma chenyewe pale penye tabaka kinabadilika kinakuwa kigumu, ukipeleka kuchongwa kinachongwa vizuri halafu baada ya muda mtetemeko unarudi pale pale. Ukichonga soma unene wa mwisho ulioandikwa kwenye diski yenyewe, MIN TH, chini ya hapo ni chuma chakavu.

Lakini sisi huku tuna sababu yetu nyingine. Gari inayolala nje upande wa Silversand au Casuarina msimu wa kusi, chumvi inaingia kila mahali, uso wa habu (kitovu cha gurudumu) pale diski inapokaa unaota kutu, fundi anatoa diski anaweka mpya juu ya kutu bila kupiga brashi ya waya. Diski mpya inakaa pembe, kidogo sana huoni kwa macho, na baada ya kilomita kadhaa inaanza kutetemeka, mtu analalamika amepewa diski feki. Safisha habu mpaka chuma kionekane, kaza nati za tairi kimsalaba na kwa nguvu sawa, usimwachie mtu na mashine ya upepo azipige mpaka zilie.

Tairi moja lina joto kuliko wenzake

Nunua ile bunduki ya kupimia joto kwa mwanga, si ghali. Ukitoka traki tu pima diski zote nne sehemu ile ile, haraka. Namba yenyewe usiiamini sana kwa sababu chuma kinachong'aa kinadanganya kipimo, kinachokusaidia ni kulinganisha kushoto na kulia. Mbele kuzidi nyuma ni kawaida. Kushoto kuzidi kulia kwa mbali, labda kona za traki ni za upande mmoja zaidi, la sivyo kuna kitu kinaburuza.

Inua gari, zungusha tairi kwa mkono. Likiwa zito, fungua nipo ya ile kalipa kidogo. Tairi likiachia hapo hapo, presha ilikuwa imefungiwa, na mshukiwa wa kwanza ni mpira wa breki uliovimba ndani, nje unaonekana mzima kabisa. Lisipoachia basi ni chuma, pini za kalipa zimekauka au pistoni imeshika kutu. Huku kwetu weka dau kwenye pini. Zitoe, safisha, paka grisi ya silikoni ya breki, si grisi ya beringi maana hiyo inavimbisha mipira yake. Angalia pia pedi, ikiwa ya ndani imeisha na ya nje ni mpya, pini hizo hazitembei, hakuna haja ya kupima kitu.

Halafu kuna wale wenye gari za kisasa wanaona breki za ndani ya kona zinachemka na hawaelewi. Golf GTI kuanzia Mk6 (toleo la sita) ina kitu kinaitwa XDS, kinakanyaga breki ya tairi la mbele la ndani chenyewe ili gari izunguke. Na mifumo ya kuzuia kuteleza inafanya kazi hiyo hiyo, unaendesha vibaya kompyuta inakurekebisha kwa breki zako. Punguza kukanyaga mafuta mapema kwenye kona, utaona tofauti bila kufungua spana.

Nyufa, moshi

Vistari vidogo kama nywele juu ya diski baada ya traki ni kawaida. Ufa unaonasa ukucha, au uliofika ukingoni, au unaounganisha tundu na tundu, hiyo diski haitembei tena, hata kwenda nyumbani. Zile diski zilizotobolewa matundu usoni zinapendeza nyuma ya rimu lakini nyufa zinaanzia hapo hapo kwenye matundu, kwa traki tafuta za mifereji au za uso mzima.

Moshi ukitoka usimwage maji! Chuma cha moto kikipigwa na maji kinapasuka. Kama breki bado zinashika zungusha gari polepole raundi nzima, upepo ndo dawa.

Upepo sasa

Diski yenye nafasi za hewa katikati ya nyuso zake mbili inafanya kazi ya feni, inavuta hewa kutoka katikati inaitupa nje. Kwa hiyo bomba la hewa, watu wengi wanatumia la inchi tatu, lazima lielekee katikati ya diski, pale kwenye jicho, sio kupuliza usoni, ukipuliza uso mmoja tu upande mmoja unapoa mwingine unabaki moto na unatafuta nyufa. Kuna wanaotoa lile bati la nyuma ya diski. Kulitoa kunasaidia hewa kweli, lakini huku kwenye mchanga na chumvi mimi ningelirudisha baada ya traki.

Na ukumbuke unatoka usawa wa bahari. Kule juu Limuru, zaidi ya mita 2000, hewa ni baridi sawa, lakini ni nyembamba, inabeba joto kidogo kwa mwendo ule ule. Kusema breki zilikuwa zinatosha pwani si hoja.

Mguu

Kanyaga kwa nguvu, muda mfupi, mstari ulionyooka, achia. Anayegusa gusa breki kuanzia mbali anazichoma zaidi kuliko anayekanyaga mara moja, kwa sababu joto linapata muda wa kupita kwenye pedi likaingia kalipa na mafuta. Shusha gia kwa mpangilio, ila usifanye injini iwe breki, kliachi ni ghali kuliko pedi. Raundi ya mwisho endesha bila breki kabisa, na ukishazima gari sogeza kidogo kila baada ya dakika moja mbili ili pedi isikae pale pale. Raundi tatu za nguvu, moja ya kupoa, hii peke yake inaokoa gari nyingi ambazo hazijabadilishwa chochote. Na toa tairi la akiba, jeki, madumu, zile spika kubwa za nyuma, uzito wote huo unasimamishwa na breki hizo hizo.

Sasa zile kalipa kubwa

Kama umebadilisha mafuta, umeweka pedi sahihi, pini zinatembea, umeingiza hewa, na bado kila raundi ya tano unapoteza breki, hapo sawa, diski zako ni ndogo kwa mwendo wako. Kinachosaidia zaidi ni diski kubwa na nzito kubeba joto, sio idadi ya pistoni wala rangi nyekundu ya kalipa. Pima rimu kwanza, kalipa za Brembo za Subaru STI haziingii ndani ya rimu za inchi 16, unahitaji 17, na hapo unaongeza bei ya tairi nne. Na ukibadilisha mbele peke yake bila kuangalia masta silinda (ile pampu ya pedali inayosukuma mafuta) na breki za nyuma, pedali inaweza kuwa ndefu na gari ikawa inasimama kwa pua tu. Nunua seti inayolingana na gari yako, iliyopimwa na mtu aliyeifunga kwenye gari kama hiyo, na ukiifunga ile siku usiende nayo traki kesho yake, zoesha pedi, kagua uvujaji kwenye kila unganisho, kaza tena nati baada ya kilomita hamsini.